Panaji, Goa (India): kanivali, Shigmo, Ganesh au Desemba? Naomba ulinganisho

Kaka_Changamwe

Wakuu, salaam. Nina safari moja tu, sina mbili. Duka siwezi kuliacha zaidi ya wiki mbili, na mama kila Jumapili akitoka kanisani ananikumbusha kwamba anataka kufika Goa kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko Ksaveri kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Mke wangu anataka sikukuu za Kihindu, ameziona kwenye simu na hasikii la mtu. Mimi napenda ngoma.

Tutakaa Panaji kwa sababu ni mji mdogo, uko pale mto Mandovi unapoingia baharini, na makanisa na mahekalu yote hayako mbali. Nimebaki na nne: Ganesh (sikukuu ya mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, 14 Septemba mwaka huu wa 2026), sikukuu za Novemba na Desemba, kanivali (6 hadi 9 Februari 2027) na Shigmo (Machi). Aliyeona zaidi ya moja anilinganishie. Orodha za kampuni za utalii nimeshazisoma, zote zinasema "usikose".

Mwanafunzi_Pune

Mkuu, mimi nasoma Pune, na Goa ni basi la usiku mmoja, kwa hiyo wanafunzi tunashuka kila tukipata kisingizio. Kanivali na Shigmo nimeziona zote mbili. Kwa mtu wa ngoma, Shigmo, wala sisiti.

Kanivali ya Panaji inaanza Jumamosi ile ya kabla ya Jumatano ya Majivu. Mchana ukianza kupoa, Mfalme Momo, yule mfalme wa kanivali, anapita juu ya gari lililopambwa, ana taji na joho, anawaamuru raia wake wale, wanywe na wastarehe. Nyuma yake kuna msururu wa magari mengine. Mengine yana ubunifu kwelikweli, kama yale ya wavuvi na ya wagema, mengine ni tangazo la biashara lililovalishwa maputo. Muziki unatoka kwenye spika. Wewe uko nyuma ya kizuizi, unawapungia, wanakupungia, wamepita. Siku zinazofuata msafara unahamia Margao, Vasco na Mapusa. Raha hasa ni usiku, kwenye dansi. Jumanne ya mwisho Panaji kuna ile ya wekundu na weusi, watu wote wanavaa rangi hizo mbili tu.

Shigmo ni ya Wahindu, ya kukaribisha majira ya kuchipua, na 2027 itazunguka mwezi mpevu wa 22 Machi. Wanaocheza mjini ni wanavijiji wenyewe, wameletwa na malori. Kuna ngoma kubwa ya dhol, kuna ndogo ya tasha inayolia kwa kasi kama mvua ya mawe juu ya bati, na matoazi ya shaba. Kundi moja linaweza kuwa na watu mia, wamefunga vilemba, wameinua bendera ndefu, wanaitikiana "Osai! Osai!" Tafuta ghodemodni: mwanamume amejifunga kiunoni umbo la farasi, mkononi ana upanga, anakwenda hatua mbele na hatua nyuma kwa mdundo mmoja usiobadilika. Jirani yangu barabarani alikuwa mzee wa Kigoa, na miguu yake ilikuwa inafuata bila yeye kujua.

Ila gwaride linaanza jioni na linachelewa mno kwisha. Sijui kwa mama.

Mgoa_wa_Pangani

Mimi ni Mgoa wa Nairobi, kizazi cha tatu. Babu alikuwa fundi cherehani. Ndugu zetu wako Bardez, kaskazini mwa Goa, hadi leo.

Mwanafunzi kasema kweli kuhusu gwaride la kanivali, lakini kanivali ya Wagoa wenyewe haiko Panaji. Nenda vijiji vya Salcete, kusini, siku hizohizo. Wanacheza khell, michezo ya kuigiza yenye nyimbo, wanazunguka nayo nyumba kwa nyumba na uwanja kwa uwanja, wanawasema padre, mbunge na mama mkwe. Tatizo ni Kikonkani. Usipokijua utacheka wakishacheka wenzako.

Kaka, kwa sababu ya mama, acha kuhangaika na Februari. Mtakatifu Fransisko alikufa 3 Desemba 1552, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu yake. Kabla yake kuna novena ya siku tisa, 24 Novemba hadi 2 Desemba, pale Goa ya Kale, kilomita kama kumi kutoka Panaji. Misa ni nje, kwenye uwanja wa Basilika ya Bom Jesus, chini ya turubai, kuanzia alfajiri. Ardhi ni tambarare na viti vipo. Mahujaji wengine wanakuja kwa miguu kutoka Karnataka na Maharashtra, utawaona barabarani na bendera zao. Na hawa si Wakatoliki peke yao. Wahindu wa Goa wanamwita Goencho Saib, Bwana wa Goa, wanapanga foleni na maua kama sisi.

Pembeni kuna mnada mkubwa: dengu za kukaanga, vitanda, vyungu, na khaje, vijiti vya unga wa dengu vilivyovishwa sukari guru na tangawizi. Kula khaje zikiwa za leo. Za juzi zinang'oa meno.

Mwambie mama mapema: mwili wa mtakatifu hautelemshwi kila mwaka. Unatelemshwa kila baada ya miaka kumi, na mara ya mwisho ilikuwa 21 Novemba 2024 hadi 5 Januari 2025. Safari hii ataliona sanduku la fedha likiwa juu ya kaburi la marumaru, basi. Ni bora alijue hilo akiwa Changamwe kuliko akalilie pale.

Na jambo moja la nyumbani. Padre huyu alipokuwa anakwenda Goa mwaka 1542, meli yake ilitia nanga Malindi, na aliandika habari zake. Mama atafurahi kusikia kwamba mtakatifu alikanyaga pwani yenu kabla ya kufika Goa.

Bint_Forodhani

Naona wanaume mnapeleka msafara mnakotaka, mke wa kaka mmemsahau.

Mimi nilialikwa na rafiki yangu, tulisoma pamoja, kwao ni kijiji cha ng'ambo ya mto kutoka Panaji, wakati wa Chavath (Ganesh wenyewe Goa wanaiita hivyo). Hii si sikukuu ya barabarani kama ile ya Mumbai. Ni ya nyumbani. Wagoa walioko mbali wanarudi, nyumba ya ukoo inafunguliwa, Ganesh wa udongo anawekwa sebuleni, na juu yake wanatundika matoli. Ni fremu ya mbao iliyofungwa popoo, ndizi, malimau, maboga na matunda ya mwituni ambayo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa akiuliza wazee majina yake. Linanukia msitu. Jikoni kina mama walikuwa wanakunja patoleo: unga wa mchele, nazi na sukari guru ndani ya jani la mmea wa manjano, kisha unapikwa kwa mvuke. Nilikula mpaka nikaona haya.

Kaka wa ngoma, wewe ndiye wa kunisikiliza hapa. Jioni wanaimba mbele ya Ganesh, na ngoma yao ni ghumot, chungu cha udongo kilichotobolewa pande mbili, upande mkubwa umewambwa ngozi. Zamani ilikuwa ngozi ya kenge, sasa kenge analindwa kwa sheria, wanawamba ya mbuzi. Mkono mmoja unapiga ngozi, mwingine unafungua na kuziba shingo ya chungu, sauti inapanda na kushuka. Ghumot hiyohiyo utaikuta kwenye nyimbo za harusi za Wakatoliki.

Ubaya wake: bila mwenyeji hauoni kitu. Maduka yanafungwa, mikahawa mingi inafungwa, mvua za monsuni bado hazijaisha, na mgeni anabaki hotelini anatazama maji yakishuka. Siku moja na nusu baadaye familia nyingi zinampeleka Ganesh mtoni au kisimani kumzamisha, nyingine zinangoja siku ya tano, ya saba na kuendelea. Hapo barabarani ndipo utaona kitu.

Mzee_wa_Mabibo

Mmeruka ile nzuri kuliko zote. Sao Joao, yaani Mtakatifu Yohana Mbatizaji, 24 Juni. Mvua zimeanza, visima vimejaa, wanaume wanavaa makoja ya maua na majani kichwani na kurukia kisimani, "Viva Sao Joao!" Wanasema ni kwa sababu Yohana aliruka tumboni mwa mama yake Elizabeti. Wakwe wapya wanapokewa kwa zawadi na matunda. Siolim kuna mashua zilizopambwa mtoni. Na feni, pombe ya mabibo. Mimi ni wa Mtwara, sikuhitaji mkalimani.

Kaka_Changamwe

Mzee, Juni imeshapita, na mama akinikuta kisimani na koja kichwani atanifunga jiwe.

Mgoa, Desemba inanivutia. Lakini mke ameshasoma jibu la Bint, sasa ni Chavath tu mdomoni. Na mwenyeji hatuna. Je, Novemba hakuna cha Kihindu kabisa?

Mwanafunzi_Pune

Kuna Diwali, na Goa wanaianza vibaya kwa raha sana. Usiku wa kuamkia Diwali kila mtaa wa Panaji una Narkasur wake, sanamu la jitu la kutisha. Vijana wanalijenga kwa majuma, mianzi, majani makavu, karatasi, kucha ndefu, macho yanawaka taa. Kuna mashindano na zawadi. Spika zinapigwa usiku kucha kiasi kwamba kifua kinatetemeka. Kabla hakujapambazuka anatokea mmoja aliyevaa kama mungu Krishna, anamuua, wanamchoma. Kisha kila mtu nyumbani, kuoga kwa mafuta, kupasua tunda chungu kwa mguu mlangoni, na kula pepeta zilizotengenezwa namna nyingi, za maziwa, za nazi na sukari guru, za pilipili.

Mwaka huu ni 8 Novemba. Lakini ukija Diwali na ukitaka mama aione sikukuu ya 3 Desemba, hizo si wiki mbili tena.

Mgoa_wa_Pangani

Ndiyo maana nasema fikeni 23 Novemba. Mwezi mpevu wa Kartik (mwezi wa kalenda ya Kihindu), Tripurari Purnima, mwaka huu unaangukia 24, siku ileile novena inaanza. Kuna sikukuu ya mashua Vithalapur, karibu na Sankhali, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Panaji. Watu wanatengeneza mashua ndogo kwa mikono yao, wanaziwashia taa, wanazishindanisha mto Valvanti usiku, mahekalu yako kando. Asubuhi mama Goa ya Kale, usiku mke Sankhali. Ulizeni saa na usiku wenyewe mkishafika, kalenda ya mwezi ina mambo yake.

Halafu, duka likiweza kungoja siku mbili zaidi ya hizo wiki mbili, kaeni hadi 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, lile kanisa jeupe la Panaji lenye ngazi za kupindapinda linaloonekana kwenye kila kadi. Barabara za chini zinakuwa mnada mtupu. Ngazi hizo mama asipande. Kuna barabara inayofika juu kwa nyuma, mwambie dereva.

Katikati ya hapo pandeni Ponda. Mahekalu makubwa ya Goa yako huko ndani, si pwani, kwa sababu Wareno walipobomoa mahekalu karne ya 16 watu walihamisha miungu yao kuvuka mto, nje ya mipaka ya Wareno ya wakati huo. Mangueshi ni moja. Mavazi ya heshima, viatu nje.

Bint_Forodhani

Mpango mzuri, lakini msimdanganye dada wa watu. Mashua za usiku mmoja na ziara ya hekalu si Chavath. Akitaka kuona Wahindu na Wakristo kwenye jambo moja, basi ni Mapusa, Jumatatu ya siku kumi na tano hivi baada ya Pasaka, sikukuu ya Mama Yetu wa Miujiza. Watu wanasema yeye ni mmoja wa dada saba wa kuzaliwa pamoja, dada yake mungu wa kike Lairai wa Shirgao. Wahindu wanaingia kanisani na mafuta na maua kumsalimu, na hakuna anayeshangaa.

Mgoa_wa_Pangani

Bint, hapo sibishi. Mimi nikipewa moja tu kwa ajili yangu, naichukua hiyo ya Mapusa. Ila kwa Lairai mwenyewe, Shirgao, mahali wanapovuka makaa ya moto usiku, usimpeleke mtu mzima mwenye magoti. Njia za kijiji ni nyembamba, na Mei 2025 watu walikufa kwa msongamano.

Kaka_Changamwe

Nimemsomea mama. Kasema Novemba, na kasema hilo la Malindi alilijua. Mke kasema atakubali mashua kwa sharti Septemba ya mwaka ujao ni yake. Nitatafuta hela wapi, sijui.

Kuna jingine la kuandaa kutoka Kenya?

Mwanafunzi_Pune

Chanjo ya homa ya manjano na cheti chake, wote watatu. Kenya imo kwenye orodha ya India. Ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia, la sivyo wanaweza kuwaweka karantini hadi siku sita, na sehemu kubwa ya novena itapita mkiwa dirishani. Viza mnaombea mtandaoni. Viwanja vya ndege ni viwili, Dabolim na Mopa, angalia tiketi yako inasema kipi kabla hujaagiza teksi, viko pande tofauti za Panaji. Vyumba vya mtaa wa Fontainhas shikeni sasa hivi, mkingoja Oktoba mtalala mbali.