Hii breki shifti ya mahoteli ni kutukomoa kina mama au nini??

Asalaam alaykum jamani, nna hasira leo nikiandika ovyo mnisamehe. Mie nafanya restoranti ya hoteli moja upande wa Kiwengwa huku Unguja (silitaji, nnakula hapo hapo), nakaa Mwanakwerekwe, na mtoto bado mdogo ananyonya. Rota imetoka jana, breki shifti TENA. Kwa asoijua, unaingia saa 12 asubuhi unawapa wageni chai mpaka saa 4, unaambiwa haya kapumzike, halafu unarudi saa 12 magharibi mpaka saa 4 usiku. Kwenye karatasi ni masaa 8 tu kwa hivyo ovataimu usiitaje. Sasa hayo masaa 8 ya katikati ni ya nani??

Nyumbani siendi, maana upande daladala ya 117 mpaka mjini, ungoje nyengine ijae ufike kwako, umbusu mtoto ugeuze, na nauli yote juu yako. Kwa hivyo nakaa chumba cha wafanyakazi maziwa yananijaa mpaka blauzi inarowa, naingia chooni nakamua namwaga kwenye sinki, friji la jikoni nshaambiwa si la mambo hayo. Huku mwanangu kwa bibi yake ananyweshwa uji. Kliniki wanatuimbia maziwa ya mama peke yake miezi 6, na likizo ya uzazi siku 90 nimepewa sikatai, haya pigeni hesabu wenyewe, hiyo miezi 3 ilobaki anyonye nini, WhatsApp?

Supavaiza nimemwendea kwa adabu zote, nikamwomba anipange asubuhi moja kwa moja, kanijibu "dada, kila mtu hapa ana mtoto". Wana watoto ndio, lakini wao hayo masaa wanalala na kucheza karata, kifua hakiwaumi! Na nikifika nyumbani usiku baba mtu nae ananambia si uache kazi. Niache kodi alipe nani, wakati mshahara wake wote unaishia kwenye pikipiki ya mkopo (ambayo mie sijapakiwa hata mara moja, ila hilo lina siku yake).

Mloko Nungwi, Paje na Jambiani, kwenu anayenyonyesha anapangiwa breki shifti? Na kuna aliewahi kwenda Kamisheni ya Kazi kwa suala hili kazi isiote mbawa? Nataka jibu kabla rota ya wiki ijayo haijabandikwa.