MJADALA: Mpiga picha wa maisha ya nyumbani, sahihi ya mwenye nyumba inatosha?

Taa ya Dirisha
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Mijini sasa kuna kazi ya kupiga picha za familia bila pozi. Mpiga picha analipwa kukaa nyumbani kwa watu nusu siku au siku nzima, anafuata mambo yanavyokwenda: uji wa asubuhi, kusuka nywele, madaftari ya shule juu ya meza ya chakula, watoto kugombea rimoti. Hapangi mtu wala hamwambii mtu acheke. Baadaye baadhi ya picha huenda kwenye ukurasa wake kama tangazo la kazi.

Mkataba mara nyingi una sahihi moja tu, ya aliyelipa. Je, sahihi hiyo inawafunga wote waliomo ndani? Msimamo wangu: haiwafungi, hata kwa picha za albamu tu. Nyumba zetu zina bibi, mpwa anayesomea mjini, dada wa kazi, jirani aliyeingia kuomba chumvi. Wote wamo kwenye picha, na hakuna aliyewauliza.

Lenzi35
Mkuu, napinga. Thamani yote ya kazi hii ni watu kuisahau kamera, na hilo halitokei upesi. Dakika thelathini hadi arobaini na tano za mwanzo watoto huigiza, wanatoa ulimi, wanajitupa kwenye kochi. Dawa ni kuiacha kamera ining'inie shingoni, ukae chini usawa wa macho yao, uongee mambo mengine. Na usiwaonyeshe skrini! Ukiwaonyesha mara moja, kila ukibonyeza watakimbilia kuangalia wametokaje. Sasa nikianza kusimamisha watu mlangoni niwape fomu, kamera imerudi kuwa mgeni na nimeanza upya.

Mwenye nyumba ndiye anayejua leo nani yupo. Awaarifu watu wake mapema. Mimi niachieni lenzi ya 35mm iliyofunguliwa wazi hadi f/2 ili iingize mwanga mwingi, bila flashi, nifanye kazi.

Uani
Ndugu Lenzi35, unaongea kana kwamba nyumba nzima ni chumba kimoja. Kwa sisi wa pwani nyumba ina daraja zake. Barazani mgeni yeyote hukaa. Sebuleni huingia kwa hodi. Uani ndiko wanawake walipo na kanga moja, kichwa wazi, wanakuna nazi na kuzungumza. Mwanamke anayejisitiri akipigwa picha pale hajaridhia kuonekana na fundi wa maabara ya kuchapisha albamu, seuze watu wa mtandaoni. Na mume wake hawezi kuridhia kwa niaba yake.

Tena msidhani picha ya pozi ni uongo na ya kushtukiza ndiyo kweli. Capital Art Studio ya Zanzibar, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha vizazi vya watu waliooga, wakavaa, wakachagua wakae vipi. Mtu alijua anachotoa. Huo uamuzi ndio mnaouondoa mnapopiga bila pozi, kwa hiyo lazima muurudishe kwa njia nyingine.

Njia ipo na ni rahisi. Siku moja kabla, zunguka nyumba na wenyeji, mkubaliane chumba kwa chumba: wapi kamera inaingia bila kuuliza, wapi inabisha hodi, wapi haiingii kabisa. Uani unaweza kupiga picha za mikono kwenye mbuzi ya nazi, mgongo, moshi unaokatwa na jua. Ukifanya hivyo huhitaji kumsimamisha mtu siku ya kazi.

Sheria na Data
Niweke sheria mezani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kenya, kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, na kinaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: matumizi yenyewe yalinde maslahi bora ya mtoto. Yaani sahihi ya mzazi peke yake haimalizi kazi. Kifungu cha 32 kinampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote.

Haya si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Wakati huohuo klabu moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao yake ya kijamii bila kumuuliza.

Lenzi35
Hiyo sheria ya Kenya ina msamaha kwa shughuli za nyumbani, na mwingine kwa kazi za sanaa. Mbona hukuutaja?

Sheria na Data
Ipo, vifungu vya 51 na 52. Wa kwanza unamlinda baba anayempiga picha mwanawe kwa simu. Wewe unalipwa, humo huingii. Wa pili unataka uamini kwa sababu za msingi kwamba kuchapisha kuna manufaa kwa umma. Ukiandika chini ya picha "weka nafasi yako, piga namba hii", utamweleza nani kwamba hilo ni jambo la umma?

Chujio
Nyote mnabishana juu ya kubonyeza. Mimi naona tatizo kubwa liko baada ya kubonyeza, na ndiko ridhaa inapoweza kuombwa bila kuvuruga chochote.

Kwanza nigusie vifaa, maana vinahusika. Wengi hutumia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalofunguka na kufunga, ili kamera iwe kimya. Huku kwetu jua likishazama giza huingia upesi, kwa hiyo chakula cha usiku na kulaza watoto vyote hupigwa chini ya balbu moja ya LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki husoma kihisi (kipande kinachopokea mwanga) mstari kwa mstari, basi picha inatoka na michirizi ya giza kama nguo ya milia. Tumia shata ya kawaida kwenye 1/100 au 1/50 ya sekunde, ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) 3200 hadi 6400, ukubali chenga kidogo. Mlio wa shata utasikika, na mimi naona ni jambo jema: aliye chumba cha pili anajua kamera iko wapi.

Ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi huidanganya kamera, inapunguza mwanga na uso unazama. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili). Ukuta wa rangi ya mafuta ya kijani hupaka ukijani mashavuni, na ukichanganya mwanga wa dirisha na balbu ya njano huwezi kusahihisha vyote viwili kwa pamoja. Zima balbu mchana, au ipeleke picha kwenye nyeusi na nyeupe.

Sasa uchujaji. Saa nne za kazi huweza kuzaa fremu 800, na familia inahitaji labda 80 hadi 100. Kabla ya kuhariri, toa nakala ndogo zenye alama katikati, rudi nazo nyumbani, kila mtu mzima azione mwenyewe bila aliyelipa kumsimamia begani. Fungua mafaili matatu: ifutwe, ibaki nyumbani, inaweza kutoka. Asiyesema kitu, picha yake inabaki nyumbani. Zilizokataliwa zifutwe kwenye kadi, kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba, faili ghafi (ile ya awali kutoka kwenye kamera) pia. Watu hufuta ile iliyohaririwa wakaacha ghafi, na miaka mitatu baadaye inaibuka wakitafuta kitu kingine.

Mlezi
Mmewasahau watoto wenyewe. Mtoto wa miaka sita anaweza kusema "usinipige", na akisema, kamera ishuke hapohapo hata kama mama anasema endelea. Akiwa uchi bafuni usibonyeze kabisa, hata kwa albamu. Simu hupakia picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kompyuta huenda kwa fundi, diski huibiwa. Picha isiyokuwepo haivuji.

Kwa zinazotoka, angalia nembo kwenye sare, namba ya nyumba, jina la shule kwenye begi. Ondoa pia taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha, lakini ukituma kama dokumenti ili ubora usipungue, zinakwenda zote hadi mahali ilipopigwa.

Lenzi35
Kutembea chumba kwa chumba siku moja kabla nakubali, na kikao cha kuchuja nakubali, kwa sababu havigusi siku ya kazi. Kwa kutangaza mtandaoni sina ubishi tena. Albamu ya nyumbani bado nabaki nilipo. Familia inajitunzia kumbukumbu zake, na mkinitaka nikusanye sahihi tano kwa kitabu kinachokaa kabatini, wengi wataghairi watarudi studio.

Taa ya Dirisha
Sahihi tano si lazima. Lakini dada wa kazi namtetea hata kwa albamu. Yeye ndiye yumo karibu kila fremu ya asubuhi, amembeba mtoto, anachuja chai, na akiulizwa mbele ya mwajiri atasema ndiyo hata kama hataki, maana mshahara wake uko mkononi mwa anayeuliza. Aulizwe na mpiga picha, jikoni, wawili tu, kabla kamera haijatoka kwenye begi. Akikataa, mpiga picha achague pembe zinazomwacha nje bila kumtaja kwa mwajiri. Na akikubali, apewe nakala zake zilizochapishwa kama wengine. Kwenye mkataba iingie hivi: "Kila mtu mzima anayeishi au kufanya kazi katika nyumba hii ana haki ya kuondolewa kwenye picha kwa kumwambia mpiga picha moja kwa moja, bila kutoa sababu, ndani ya siku 14 tangu alipoonyeshwa."

Lenzi35, kifungu hicho utakisaini?