Jenereta la handakini linanizimikia, nisaidieni

MwanaMikindani: Habari za usiku wakuu. Nacheza Amnesia: The Bunker kwenye kompyuta ya kaka, hapa Mikindani. Wewe ni Henri Clément, askari Mfaransa, mwaka 1916, umenaswa handakini na kiumbe kinachopita ndani ya kuta. Jenereta likizima, giza linakuwa lake. Juzi umeme wa mtaani nao ukakatika nikiwa humo humo. Nilitoka nikakaa barazani mpaka moyo ukatulia. Mafuta nifanyeje yadumu?

Baharia_Lindi: Pole mdogo wangu. Kabla hujatoka chumba salama, amua kabisa unafuata nini. Oanisha saa ya mfukoni na jenereta, itakuonyesha muda uliobaki. Tochi ya kuvuta kamba ina kelele, nayo kelele ndiyo inayomwita.

MwanaMikindani: Na mlango wa mbao uliofungwa? Ufunguo sina.

Baharia_Lindi: Guruneti linauvunja. Au mvute yule mnyama kwa kelele auvunje yeye, wewe umejibanza pembeni. Ndiyo maana naipenda gemu hii kuliko za kutisha nyingine: haikulazimishi njia moja, unatumia akili na ulichonacho mfukoni.

Bi_Korosho: Namba za makabati msipeane hapa, zinabadilika kila mchezo mpya. Geuzeni vibati vya majina vya askari waliokufa, zimeandikwa nyuma.

MwanaMikindani: Kibati kimoja ninacho, sikuwahi kukigeuza! Ahsanteni sana, narudi handakini sasa hivi.