Mrejesho: yule mtoto aliyekuwa hashiki ziwa

Assalaam alaykum dada zangu. Ndiye mimi wa Wete niliyeuliza mwezi uliopita: mtoto wa wiki 2, chuchu zimepasuka, kila akinyonya natokwa na machozi, na mama mkwe ashikilia apewe maji.

Kilichonifaa khasa ni ule ushauri wa kumsubiri apanue kinywa, kidevu kiguse ziwa, ashike na weusi unaozunguka chuchu, si ncha tu. Mkunga alinishika mkono tukafanya pamoja. Siku ya tatu maumivu yakapungua. Sasa namsikia akimeza, gu, gu, na mashavu hayabonyei. Vidonda nilivipaka maziwa yangu mwenyewe, vimekauka.

Ziwa la kushoto bado analikataa usiku. Nalikamua, namnywesha kwa kikombe kidogo. Nusu humwagika shingoni, lakini analala.

Maji hapewi mpaka miezi 6. Mama mkwe nilimwomba anipikie supu ya pweza, akafurahi mno, na habari ya maji hakuitaja tena.

Juzi mzani umesoma kilo 4.1, alizaliwa na 3. Ahsanteni nyote, na wewe uliyenijibu saa 8 usiku nikiwa nalia, Mungu akulipe kheri.