Dima ya kupunguzia moto wa hita inaungua kila nikifunga, nitumie ipi? (mtambo wa mafuta ya mchaichai)

MamaMchaichai
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nipo Iringa, natengeneza sabuni nyumbani na toka mwaka jana nakamua mafuta ya mchaichai mwenyewe kwa mvuke maana ya kununua yanachakachuliwa sana. Nina pipa la stenlesi la lita 50, maji yanakaa chini, katikati wavu, juu yake majani kama kilo 15, mvuke unatokea juu unaingia kwenye mrija wa shaba uliozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Mwanzo natumia mkaa, baadae nikahamia umeme, hita ya wati 3000 imefungwa ubavuni karibu na kitako. Shida ni moto. Ukiwa full mvuke unatoka kwa fujo, ndoo inachemka, harufu yote inaishia hewani na mafuta hayakai.

Nikafunga temostati ile ya namba, nikaiseti 100, haijawahi kukata hata siku moja, namba inapanda mpaka 95 inaganda hapo. Nikaachana nayo nikaagiza dima Kariakoo imeandikwa wati 4000, siku mbili ikanuka ikaungua, na ilivyoungua hita ikawa inawaka full hata nizungushe kitufe mpaka mwisho. Ya pili hivyo hivyo. Sasa ya tatu nimeshalipia, ya wati 10000, iko kwenye basi inakuja. Nina oda ya vipande 300 Ijumaa. Naombeni ushauri, hiyo ya 10000 itatosha au kuna nyingine nzuri zaidi?

Kibonge wa Mabibo
Rudi kwenye mkaa dada. Mkaa hauna kitufe cha kuungua

BiFatma_Wete
Mashaallah mwanangu, kazi nzuri. Mimi nimezaliwa Pemba, harufu ya makonyo ya karafuu ndio utoto wangu, pale Wawi Chake kuna kiwanda chake kabisa cha mafuta hayo. Marehemu baba alikuwa akitufundisha, mafuta ya karafuu yanazama chini ya maji, ya mchaichai yanaelea juu, basi mtu akikuuzia ya karafuu yanayoelea ujue umeuziwa mengine. Sisi tulipika kwa kuni na baba alikuwa akiupunguza moto kwa kuvuta gogo nje kidogo kidogo, subra tu. Yakitoka haraka yanatoka mabovu.

FundiKoili
MamaMchaichai hita ya wati 3000 kwenye umeme wetu wa 230 inavuta amp 13. Ile dima ndani ina kitu kinaitwa traiki, ndio kinachokata umeme vipande vipande. Kwa amp 13 traiki yenyewe inageuza kama wati 15 hadi 20 kuwa joto, hiyo ni sawa na pasi ndogo ya kuchomelea waya imekaa ndani ya kiboksi cha plastiki muda wote unaopika. Kale kakipande kake ka bati ka kupoozea, kadogo kama kidole, hakawezi. Hiyo 4000 imeandikwa kwa hesabu ya kwamba umeiwekea bati kubwa la aluminiamu na feni. Na traiki ikifa mara nyingi inafia kwenye kuwaka, ndio maana hita ikawa full. Ya 10000 ukiifunga vile vile nayo itakufa, labda ichukue wiki.

Nijibu: waya ni wa ngapi, breka ya ngapi, umechomeka kwenye soketi ya kawaida au umefunga moja kwa moja, na ethi, yaani waya wa ardhini, imefungwa kwenye pipa?

MamaMchaichai
Asante sana fundi nimekuelewa. Waya 2.5, breka ya 20. Nilikuwa nachomeka kwenye soketi plagi ikayeyuka kidogo, sasa hivi imefungwa moja kwa moja na swichi ya ukutani. Kwa hiyo nikiweka feni ya kompyuta ile ya 10000 itafaa? Maana nimeshalipia.

Baba Neema
Naomba niseme ukweli hata kama utauma. Mtambo wa pipa, mrija wa shaba, ndoo ya maji baridi, hii tunaijua wote ni nini. Mjomba wangu alikunywa gongo iliyochanganywa vitu akapofuka macho yote mawili akiwa na miaka 41, nimemshika mkono kumpeleka chooni mpaka alipofariki. Sheria ya moshi, yaani hiyo gongo, ipo toka miaka ya 60 na ina sababu. Vijana tafuteni kazi halali.

MamaMchaichai
Baba Neema pole sana kwa mjomba. Mimi sio kijana, nina miaka 38 na sijawahi kupika gongo. Ni mchaichai.

Mzee wa Kihesa
Binti yangu, mimi nimestaafu ufundi, nikupe njia ya kizamani isiyo na dima. Funga hita mbili za wati 3000 zinazofanana, moja imfuate mwenzake, sio sambamba. Kila moja itapata nusu ya umeme, jumla utakuwa na wati 1500 na hakuna cha kuungua. Wati 1500 zikishachemsha zinakupa kama lita mbili na nusu za maji kwa saa mwisho wa mrija, na kwa mchaichai inatosha kabisa. Zile 3000 zilikuwa zinakupa karibu lita tano, ndoo lazima ichemke. Kuchemsha mwanzoni kutachukua muda, uwe unawasha unamenya viazi. Na kifuniko usikibane kwa bolti, ziba kwa donge la unga wa ngano, mrija ukiziba siku moja unga ufumuke badala ya pipa.

FundiKoili
Mzee shikamoo, hiyo ya kufuatanisha ni nzuri. MamaMchaichai nimeuliza maswali manne umejibu matatu. Ethi?

MamaMchaichai
Kifuniko natumia unga tayari mzee, shikamoo. Ila kutoboa pipa tundu la pili naogopa litavuja.

FundiKoili
Dada. Ethi.

MamaMchaichai
Haya. Ethi haipo. Ilikuwepo mwanzo, lakini kila nikiwasha baada ya dakika kumi breka inaanguka, nyumba nzima giza, wapangaji wenzangu wananuna. Nikaita fundi akaangalia akasema ethi ndio inayosababisha, akaitoa, kuanzia siku hiyo haijakata tena. Ni fundi wa miaka mingi, ndiye aliyefunga hata nyumba ya jirani. Na mimi nikipika navaa ndala za mpira, sigusi pipa kabla sijazima. Naomba tusihamie huko, swali langu ni dima.

FundiKoili
Hapana, tunahamia huko huko, dima isubiri. Breka ilikuwa inakwambia kuna umeme unavuja kutoka kwenye hita kwenda kwenye pipa. Zile hita ndani kuna unga mweupe unaotenganisha koili na ganda, ukipata ufa unanyonya maji, hita inaendelea kuchemsha vizuri tu lakini ganda lina umeme. Ethi ilikuwa inauchukua huo umeme inaupeleka ardhini mpaka breka inaanguka. Fundi wako hakutengeneza ubovu, amemfunga mdomo aliyekuwa anapiga kelele. Umeme bado uko kwenye pipa, unasubiri mtu wa kuupeleka ardhini. Nimezika mwanafunzi wangu wa ufundi kwa kitu hiki hiki, hita ya maji ya kuoga, bafu lilikuwa limelowa. Sitaki kuandika zaidi.

Kibonge wa Mabibo
Nafuta utani wangu wa juu. Dada zima hiyo kitu

Dogo Elekta
Ila mbona hita za ndoo za kuchemshia maji hazina ethi na watu wanazitumia kila siku nchi nzima

FundiKoili
Na kila siku zinaua watu nchi nzima, uliza mochwari.

Mpelelezi Sinza
Wakuu mnapoteza muda, hii story ni ya kutunga. Soma tena post ya kwanza. Anasema namba inapanda mpaka 95 inaganda. Maji yanachemka 100, hata mtoto wa darasa la nne anajua, hapa Dar nimepima mwenyewe na kipimajoto cha jikoni, 100. Kitu kinachochemka chini ya hapo ni maji yenye pombe ndani. Pombe tupu inachemka 78, ukichanganya na maji unapata katikati. Kwahiyo pipani mna pombe. Halafu kifuniko kinazibwa na unga, hiyo ni gongo style kabisa. Mchaichai ni geresha. Na kilo 15 za majani zinatoa mafuta kiasi gani?

MamaMchaichai
Mililita 50, zikizidi 60.

Mpelelezi Sinza
Uniti tatu za umeme kwa saa, masaa matatu, uniti 9, ukipiga 350 na ushee kila moja ni zaidi ya elfu tatu, kwa kichupa cha dawa ya kikohozi. Nani anafanya biashara hiyo? Nimemaliza.

Baba Neema
Nilisema mimi.

Dogo Elekta
Duh jamaa kachambua kama mahakamani

Kiptoo wa Eldoret
Sister usijibizane nao. Huku Eldoret tuko juu kama mita 2100, maji yanachemka kama 93 na hayapandi hata uongeze moto ya dunia nzima. Ndio maana githeri huku inachukua masaa na ukienda Mombasa inaiva haraka mpaka unashangaa. Ndugu wa Dar anapima maji ya kando ya bahari na anataka Iringa iwe sawa. Ama hujawahi toka Dar?

FundiKoili
Kiptoo umeniokoa kuandika. Kwa makadirio ukipanda mita 300 unapoteza digrii moja. Iringa mjini ni kama mita 1600, toa digrii tano na kidogo, unapata karibu 95. Namba yake iko sawasawa kabisa, mtu anayetunga angeandika 100 kama wewe. Na hapo ndipo ilipo siri ya temostati, ameiseti 100 na maji ya Iringa hayafiki huko, kwahiyo haiwezi kukata mpaka yaishe pipani. Hata angeseti 94 isingemsaidia, ingekuwa inazima kabla ya kuchemka. Kitu kikishachemka joto halipandi tena, kinachobadilika ni wingi wa mvuke. Kwenye mtambo wa mvuke unatawala wati, hutawali digrii. Na mililita 50 kwa kilo 15 ni mavuno ya kawaida ya mchaichai, angesema nusu lita ningekuunga mkono.

Mpelelezi Sinza
Sawa kwenye digrii nimekubali, sikulijua hilo. Kwenye gongo bado nina mashaka. Alete picha.

MamaMchaichai
Sileti picha. Nimekuja kuomba msaada nikiwa na oda ya Ijumaa na hela ya watu nimeshakula nusu, mmenigeuza mpika gongo mbele ya watu. Hayo mafuta siuzi kichupa, naweka matone kwenye sabuni, mililita 50 zinanitosha vipande mia. Nilikuja kuuliza dima tu. Fundi wangu nitamwambia airudishe ethi baada ya Ijumaa, nikimaliza oda.

BiFatma_Wete
Mwanangu, achana na Sinza. Nikuulize mimi kama mama yako. Hapo nyumbani pana watoto?

MamaMchaichai
Ndio bibi. Ninaye mmoja wa miaka sita.

BiFatma_Wete
Pipa liko wapi?

MamaMchaichai
Uani. Karibu na karo.

BiFatma_Wete
Hajaligusa?

MamaMchaichai
Bibi wiki iliyopita nilikuwa nakata majani, yeye alikuwa anachezea maji yaliyomwagika kwenye ndoo, miguu peku. Nikasikia analia. Nikamkuta amekaa chini anashika mkono, akaniambia mama pipa linauma. Nikaangalia mkono hauna malengelenge wala wekundu, nikajua ameshtuka tu na joto, nikampa biskuti. Mimi mwenyewe nikigusa na kiganja huwa nasikia ganzi hivi kwenye vidole, nilijua ni mvuke.

Naandika hapa mikono inatetemeka.

FundiKoili
Zima kwenye swichi kubwa sasa hivi sio kesho, toa waya wa hita kwenye swichi, usikojoleshe mtoto wala kufua uani mpaka uzime. Ijumaa haipo. Kesho tafuta fundi mwingine, mwambie apime kati ya pini za hita na ganda umeme ukiwa umezimwa. Hita isiyo na ubovu haitakiwi kusoma chochote pale. Kisha apime na ethi ya nyumba yenyewe kama inafika ardhini kweli, asiishie kuona waya wa kijani upo. Na afunge ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliamp 30, hiyo ndio inamuwahi mtu, ya kawaida haimuwahi.

Mzee wa Kihesa
Binti niko Kihesa hapa hapa Iringa, nitakuja mwenyewe kesho saa tatu asubuhi, niandikie inbox ulipo. Sitaki hela.

Mpelelezi Sinza
Dada samahani. Kweli kabisa.

MamaMchaichai
Jamani nimerudi, ni Jumapili. Mzee alikuja na tesita yake, Mungu ampe maisha marefu. Hita imesoma kuvuja, akaitoa akanionyesha ganda limepasuka ufa mwembamba kama unywele pale inapopinda. Halafu tukazunguka nyuma ya nyumba, waya wa ethi wa nyumba nzima umekatwa chini kabisa, wezi wa shaba, haijulikani toka lini. Yaani hata ethi ingerudishwa pale kwenye pipa ingekuwa imefungwa kwenye hewa. Mwenye nyumba amechimbia nondo mpya na breka ya miliamp 30 tumechangishana wapangaji, hata wale walionuna. Hita nimenunua mbili, zimefuatanishwa, tundu la pili amelitoboa mzee na halivuji. Inachukua saa nzima na ushee mpaka ichemke, ila ikianza inatiririka taratibu kama uzi, ndoo haichemki na jana nimepata mililita 58.

Oda nimepeleka vipande 180, vilivyobaki amenipa mpaka wiki ijayo. Ile dima ya 10000 ilifika stendi, nimeiacha kwenye boksi lake.

Mtoto anapita mbali na pipa, anazunguka upande wa kamba za nguo. Namwambia limepona hataki.

BiFatma_Wete
Mwache azunguke mwanangu.