Tupeane uzoefu: unachaguaje uzi wa lesi, vitambaa vya kufuma na kofia za mkono?

Mleta mada, Tanga

Ndugu wafumaji na washonaji, natumaini hamjambo. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu, nalo ni uchaguzi wa uzi kabla ya kuanza kazi. Mitindo tunaonyeshana kila siku, na picha za vitambaa vya makochi zimejaa kwenye simu zetu, lakini uzi tunauzungumza kwa nadra, ilhali ndio unaoamua kama kazi itadumu au itaharibika mara ya kwanza itakapoingia majini. Mimi nafuma kwa sindano ya kroshia na nafundisha kikundi cha kina mama hapa Tanga. Msimamo wangu ni kwamba uzi hauhukumiwi dukani, bali huhukumiwa baada ya kufuliwa.

Kabla ya kazi yoyote kubwa nafuma kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10, kwa uzi na sindano ile ile nitakayoitumia. Nakipima kwa rula, nakifua kwa sabuni kama mwenye kitambaa atakavyofua nyumbani kwake, nakianika, kisha nakipima tena. Nikiona kimesinyaa, najua vitambaa vyote vitasinyaa kwa kiasi hicho, kwa hiyo naongeza mistari mapema. Nikiona kimeota vinyweleo, uzi huo nauachia kazi ndogo ambazo hazitafuliwa mara kwa mara.

Kuhusu unene, wapo wanaoanza ambao huchanganywa na namba za lebo. Katika uzi wa pamba wa kroshia, namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba: namba 10 ni mnene, 20 ni wa wastani, 40 ni mwembamba, na 80 ni ule unaohitaji macho mazuri na mchana wenye mwanga wa kutosha. Vitambaa vya makochi mimi navifuma kwa namba 10 au 20, kwa sindano ya milimita 1.5 au iliyo karibu na hapo, kwa sababu vinakaliwa, vinavutwa na watoto, na vinafuliwa mara nyingi.

Mng'ao nao una asili yake. Uzi wa pamba unaong'aa kwa kawaida umepitishwa katika kostiki soda, ile ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Njia hiyo iligunduliwa na John Mercer huko Uingereza mwaka 1844, na baadaye, kuelekea mwisho wa karne hiyo, ikabainika kwamba pamba ikiwa imevutwa na kukazwa wakati wa kuchovywa, hupata mng'ao badala ya kujikunja na kusinyaa. Uzi wa namna hiyo una nguvu zaidi na hushika rangi vizuri zaidi, hivyo nauona unastahili bei yake. Hata hivyo kuna mng'ao wa dukani unaotokana na nta au wanga tu, na huo huondoka na maji ya kwanza. Kipande cha majaribio ndicho kitakachokuonyesha tofauti.

Sasa nawaachia uwanja. Nani anatumia uzi gani, kwa kazi ipi, na ameuchagua kwa vigezo gani?

Mshona kofia, Unguja

Assalaam alaikum. Ahsante sana dada wa Tanga kwa mada hii. Mimi nashona kofia za mkono, kazi niliyoachiwa na mama yangu, na kwetu uzi unaangaliwa kwa jicho tofauti kidogo, kwa sababu haufumwi peke yake bali unakaa juu ya kitambaa.

Jambo la kwanza kwangu ni weupe. Mtu asiyeshona hudhani nyeupe ni nyeupe, lakini kuna nyeupe inayovuta kwenye buluu na kuna nyeupe inayovuta kwenye maziwa, na ukizikutanisha kwenye kofia moja, ile ya maziwa itaonekana kama imechakaa. Chini ya taa ya dukani huwezi kuzitenganisha. Mimi huchukua kipande cha kitambaa changu, nikatoka nacho nje hadi kwenye jua, nikaulaza uzi juu yake na kuutazama kwa upande. Muuzaji anayekuzuia kutoka nje na uzi wake, mwachie uzi wake.

La pili ni ulaini wa kupita. Kofia ina vitobo vingi sana, na kila kitobo kinazungushiwa uzi pande zote, kwa hiyo uzi ule ule unapita kitambaani mara nyingi na kila mara unasuguliwa. Naupitisha uzi baina ya kucha na kidole gumba kwa urefu wa pima moja, taratibu, macho nimeyafumba. Kidole kikikutana na vivimbe vidogo vidogo, uzi huo utakwama kwenye tundu la sindano na utachakaa kabla hujamaliza safu. Na hata ukiwa mzuri, usikate kipande kirefu kuliko mkono wako, maana ncha ya mwisho itakuwa imesuguliwa hadi imekonda na weupe wake umepotea.

La tatu, kitambaa kifuliwe kabla ya kuchorwa. Kitambaa kikisinyaa na uzi usisinyae, kofia itajikunja kuzunguka kila kitobo, na hakuna wanga wala pasi itakayoinyoosha.

Neno moja kuhusu hariri. Wapo wateja wanaotaka uzi wa hariri kwa ajili ya kofia ya harusi. Ni mzuri mno, lakini mteja aambiwe wazi kwamba kofia hiyo haitiwi jiki. Dawa yenye klorini huigeuza hariri kuwa ya manjano na kisha huila. Kwa kuwa watu wengi hapa hufua kofia nyeupe kwa jiki bila ya kuuliza, mimi nikipewa hiari nashona kwa pamba.

Mfumaji, Mwanza

Shikamoo mama wa Unguja. Naomba niongezee hapo kwenye hariri, kwa sababu mwingi wa uzi unaouzwa kwa jina hilo si hariri. Sisi tunaoishi kwenye ukanda wa pamba tumezoea kuijua pamba kwa kuichoma, na njia hiyo inafaa kwa uzi wowote. Shika kipande kifupi kwa kibanio, juu ya beseni la maji, ukiwashe. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Hariri ya kweli na sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu isiyosagika kwa vidole.

Lakini kuna uzi wa reyoni, unaong'aa kama hariri na kuungua kama pamba, ambao moto pekee hautakusaidia kuutambua. Huo uloweshe. Vuta kipande kikavu hadi kikatike, kisha lowesha kingine na ukivute vile vile. Pamba ikilowa huongezeka nguvu, ilhali reyoni ikilowa hulegea na kukatika kwa urahisi. Kitambaa kilichofumwa kwa reyoni kikikamuliwa kwa nguvu ya mikono, kama tunavyokamua wengi wetu, kitaachia mahali fulani.

Mfumaji wa lesi, Ubelgiji

Nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na naishi Ubelgiji, ambako nilijifunza lesi ya vijiti. Kwa wasioifahamu, kazi hii hufanywa juu ya mto mgumu uliobandikwa mchoro wa karatasi wenye vitobo. Kila uzi umezungushwa kwenye kijiti cha mbao, vijiti hushikwa jozi jozi, na kazi nzima hutokana na miondoko miwili tu: kuvukisha, ambapo uzi wa kushoto hupita juu ya uzi wa kulia katikati ya jozi mbili, na kusokota, ambapo ndani ya jozi uzi wa kulia hupita juu ya wa kushoto. Pini huchomekwa kwenye vitobo vya mchoro ili kushikilia kila fundo mahali pake hadi lesi ikae sawa. Mjini Brugge kuna kituo cha lesi kinachoitwa Kantcentrum, na mgeni anaweza kuwaona wafumaji wakifanya kazi mbele yake.

Kwetu swali la uzi ni gumu kuliko kwa wenye kroshia, kwa sababu mfumaji wa kroshia akibadili uzi anaweza kubadili sindano, lakini mchoro wetu umeshatobolewa na haubadiliki. Uzi ukiwa mnene, vitobo vinajaa na lesi inakuwa kama kitambaa kizito. Ukiwa mwembamba, lesi inalegea na kukosa umbo ukishaondoa pini. Ndiyo maana wafumaji wa hapa hawaitegemei namba ya lebo. Wanauzungusha uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, kisha wanahesabu mizunguko mingapi imeingia ndani ya sentimita 1. Mchoro ukishafanyika vizuri kwa uzi fulani, hesabu ya uzi huo huandikwa pembeni ya mchoro, na mwaka mwingine uzi wowote wenye hesabu hiyo utafaa, hata ukiwa wa kiwanda kingine.

Sababu ya kutoitegemea namba ni hii. Katika lebo yenye 60/2, namba ya kwanza inaeleza wembamba wa uzi mmoja na ya pili inaeleza ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja. Lakini pamba ina hesabu yake na kitani kina yake. Namba ya pamba huhesabiwa kwa mafungu ya yadi 840 katika ratili moja, na ya kitani kwa mafungu ya yadi 300. Kwa hiyo pamba namba 60 ni yadi 50,400 kwa ratili, na kitani namba 60 ni yadi 18,000 tu. Namba ni moja, lakini kitani ni kizito karibu mara tatu.

Mimi binafsi napenda kitani, kwa kuwa lesi yake husimama bila wanga. Ila kinahitaji unyevu. Wakati wa baridi, nyumba zinapopashwa joto na hewa kukauka, uzi wa kitani hukakamaa na kukatika karibu na kijiti, mahali pabaya kuliko pote pa kuunga. Ninyi wa pwani hamna tatizo hilo.

Mleta mada, Tanga

Mama wa Bukavu, umenifumbua macho. Hesabu ya rula nitaipeleka kwa kina mama wa kikundi wiki hii hii, maana inafaa hata kwa kroshia pale duka linapoishiwa na uzi uliouzoea. Huku pwani tatizo letu ni kinyume: uzi ukifungwa ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu. Nauweka ndani ya mfuko wa kitambaa, na vitambaa vilivyokamilika naviweka kabatini bila wanga, kwa kuwa wanga huwaita mende. Wanga hutiwa siku kitambaa kinapotandikwa.

Naomba sasa tuzungumzie rangi. Mwenzetu mmoja kikundini alifuma vitambaa vyekundu na vyeupe kwa oda ya mtu, na wekundu ukahamia kwenye weupe mara tu vilipofuliwa. Alikuwa ameambiwa dukani kwamba aloweke uzi katika siki na chumvi, na akafanya hivyo.

Mfumaji, Nairobi

Pole sana kwa dada huyo. Ushauri wa siki na chumvi umeenea hata kwetu, na kwa uzi wa pamba hausaidii. Siki inahusika na rangi za sufu na hariri, tena wakati wa kupaka rangi. Chumvi nayo hutumika kiwandani ndani ya maji ya rangi, ili rangi iingie kwenye pamba, na haiwezi kuifungia rangi iliyokwisha kukaa juu juu. Ninachofanya mimi ni kulowesha uzi wenye rangi kali katika maji ya uvuguvugu, kuukandamiza ndani ya kipande cha kitambaa cheupe, na kuuacha humo hadi ukauke. Kitambaa kikibaki cheupe, naendelea. Kikitiwa doa, nausuuza uzi huo mara nyingi hadi maji yawe safi, kisha narudia jaribio. Ukiendelea kuchuja, naufumia kazi ya rangi moja.

Mshona kofia, Maskati

Nakubaliana nawe kabisa. Kofia zetu za huku, tunazoziita kumma, nyingi hushonwa kwa uzi wa rangi juu ya kitambaa cheupe, na adui yake mkubwa ni jasho, kwa sababu kofia inavaliwa juani na jasho hukaa kwenye ukingo kwa saa nyingi. Kwa hiyo jaribio la maji safi pekee mimi huliona halitoshi. Naloweka uzi katika maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, nauzungushia kitambaa cheupe, nao hulala humo usiku kucha. Rangi ya zambarau na nyekundu ya damu ya mzee ndizo ninazozishuku zaidi.

Mfumaji, Mwanza

Nina swali kwa dada wa Tanga. Unakadiriaje uzi wa kazi nzima, ili usiishie njiani?

Mleta mada, Tanga

Ndugu yangu, kile kipande cha majaribio ndicho kinachonijibu. Nakipeleka kupimwa kwenye mizani ndogo. Tuseme kina gramu 3, na kitambaa ninachotaka ni sentimita 50 kwa 50. Hapo panaingia vipande 25 vya ukubwa huo, yaani gramu 75 kwa kila kitambaa, na vitambaa sita ni gramu 450. Naongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kingo na kuunga, nafika karibu gramu 500, kisha nagawanya kwa uzito wa kidonge kimoja cha uzi ulioandikwa kwenye lebo.

Vyote nanunua kwa pamoja. Kwenye lebo kuna namba ya rangi, na kuna namba nyingine ya mkupuo wa utiaji rangi. Vidonge viwili vya rangi moja vikitoka mikupuo tofauti, vinaweza kulingana mkononi na kutofautiana vikishatandikwa kochini pamoja. Nikikuta duka halina vidonge vya kutosha vya mkupuo mmoja, navigawa kabla ya kuanza: mkupuo mmoja kwa kochi kubwa, mwingine kwa makochi madogo, na kamwe sivichanganyi ndani ya kitambaa kimoja. Kipande cha majaribio nacho kipimwe kikiwa kimekauka kabisa, kwa kuwa pamba yenye unyevu huongeza uzito na itakufanya ununue zaidi ya unachohitaji.