MREJESHO: Kufundisha wanafunzi kutambua mgonjwa na kutoa damu

Wakuu, niliuliza namna ya kuwazuia wanafunzi wa maabara kuchanganya sampuli wodini. Asanteni sana. Huu ndio utaratibu tunaoufuata sasa.

Mwanafunzi haruhusiwi kuuliza "Wewe ni Asha Juma?" Mgonjwa mwenye homa au asiyesikia vizuri huitikia tu. Anauliza, "Majina yako kamili ni nani? Umezaliwa lini?" kisha analinganisha na fomu ya vipimo. Wazee wengi hawajui tarehe, kwa hiyo hapo tunatumia namba ya jalada. Namba ya kitanda haikubaliki kabisa, maana wagonjwa huhamishwa. Na "Mama Neema" si jina la kuandika kwenye tyubu (kichupa cha kuwekea damu)!

Lebo inaandikwa baada ya damu kuingia, palepale kitandani, kabla ya kumwacha mgonjwa. Tyubu zilizoandikwa mapema ndizo zinazoishia kwa mgonjwa wa pili.

Mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika 1. Spiriti ya 70% iachwe ikauke sekunde 30, la sivyo ngozi haitakasiki vizuri na mgonjwa atasikia mwasho sindano ikiingia.

Mpangilio wa kujaza tyubu, kwa rangi ya kifuniko, ulituchukua muda mwingi: bluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Zambarau ina EDTA ya potasiamu, yaani kemikali ya kuzuia damu isigande. Ikitangulia nyekundu, mabaki yake huingia humo, na kwenye majibu potasiamu hupanda kwa uongo na kalsiamu hushuka. Zambarau igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Ikitikiswa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka.

Sindano haifunikwi tena. Inaingia sefti boksi (boksi la kutupia sindano zilizotumika), ambayo hufungwa ikijaa robo tatu.